Mistari Miwili Kando ya Tangi

Jumamosi, 6 Septemba

Nimependekezwa! Mimi! Perez Awuor, karani wa masjala, mtu ambaye mara ya mwisho kugombea cheo ilikuwa kiranja wa darasa la sita — na nikaanguka.

Mkutano wa wakaazi ulikuwa saa tisa, pale kwenye tangi. Mwenyekiti wetu amehamia kwao Busia moja kwa moja na korti yetu nzima, mtaa huu mdogo wa nyumba sitini, haina msemaji. Mzee Seth Makau akapendekezwa kwanza. Kila mtu alitarajia. Mstaafu wa reli, mtu wa kanisa, shati limepigwa pasi hata Jumamosi. Makofi. Watu wakaanza kukunja viti waende zao. Ndipo Nabwire akasimama, leso kiunoni: Kwani huu ni uchaguzi ama ni kutawazwa? Mimi nampendekeza Mama Jacky!

Mama Jacky ndiye mimi. Wabwire, mume wa Nabwire, mwenye nyumba kumi na mbili katika hizo sitini, ndiye tuliyempa kazi ya kusimamia uchaguzi. Alimtazama mkewe kama mtu aliyemeza mfupa wa samaki. Lakini afanye nini? Akaandika.

Kila mgombea ataje makamu wake. Sikufikiri hata kidogo. Nikasema: Qamar, wa nyumba ya tisa.

Makofi — machache, ya pale mbele tu.

Lakini ningemtaja nani mwingine? Februari mifereji ilipokauka wiki tatu, nani alimfuata dereva wa lori la maji kwa miguu hadi Baba Dogo, buibui nyekundu kwa vumbi, akarudi ameketi kiti cha mbele, lori zima nyuma yake? Qamar! Mzaliwa wa Pumwani, anajua Nairobi hii kunishinda.

Tutachagua kwa mlolongo, Jumapili tarehe 21. Hakuna karatasi wala sanduku, mwaka ule karatasi zilizidi wapiga kura! Kila mtu atasimama nyuma ya anayemtaka, mchana kweupe, ahesabiwe.

Phares amecheka mpaka akakohoa. Sasa ananiita mheshimiwa. Mheshimiwa, chumvi iko wapi? Mume huyu! Nimemkabidhi chumvi kwa mikono miwili kama cheti.

Jumapili, 7 Septemba

Tumetengeneza bango! Qamar ndiye mwenye mwandiko mzuri. MAJI KWANZA — PEREZ NA QAMAR. Jina langu kushoto, lake kulia, katikati mfereji unaotoa maji. Mfereji nimeuchora mimi. Phares anasema unafanana na tembo mwenye mafua. Tumelibandika bango hivyo hivyo, ukutani kando ya geti.

Jumanne, 9 Septemba

Nimechukua likizo wiki mbili. Kazi hii ya kubisha milango nimeipenda kuliko nilivyodhani! Nyumba kumi na tisa leo. Chai vikombe kumi na moja. Nimejua mambo ambayo miaka minane sikuyajua — kwamba yule baba wa nyumba ya thelathini anapiga orutu, zeze la waya mmoja, kwamba mama wa ghorofa ya juu huteka maji ya mvua kwa mwavuli uliopinduliwa. Mwavuli! Tumecheka tukashikana.

Qamar anauliza swali moja kila mlango: mara ya mwisho ulioga maji ya mfereji lini? Watu wanafunguka kama wako kwa daktari.

Nyumba ya ishirini na mbili ndiyo iliyonikaa kooni. Qamar alikuwa ameshatangulia ngazini. Mama mwenye nyumba akanivuta mkono: Wewe hatuna shida nawe. Lakini huyo mwenzako, si ni wa wale? Nikauliza wale gani. Akasema, Mama Jacky, usijifanye.

Nilishuka. Qamar akaniuliza, amesemaje? Nikamwambia, amesema maji. Uongo wangu wa kwanza wa kampeni. Qamar alinitazama, akatabasamu kidogo, akaenda kubisha mlango mwingine.

Alhamisi, 11 Septemba

Leo nimekuwa mchukuzi! Pikapu imeingia saa nane mchana, jua linachoma. Makasha kumi na mawili. Qamar hukodisha vyombo vya arusi — sinia, mabirika, sahani za maua — na stoo yake Eastleigh inavuja, kwa hiyo kayaleta kwa binamu yake Salad, nyumba ya kumi na nne. Mimi ndiye niliyeshika mlango. Kasha moja lilifunguka ngazini, sinia likateremka likiviringika peke yake mpaka getini. Watoto walilifuata wakishangilia.

Huyu Salad ni fundi wa nguo. Amekaa kambi ya wakimbizi ya Dadaab tangu utotoni, amehamia hapa Januari na mkewe Filsan, dada zake wawili na mama yake. Watu watano, basi. Huyo mama yake wanamwita Ayeeyo, nyanya kwa lugha yao. Hajui Kiswahili hata cha kuomba maji, lakini alinishika shavu akanisemesha dakika nzima. Filsan akatafsiri: anasema una miguu ya mtu wa kazi. Nimeichukua kama sifa!

Hata hawajajulikana vizuri hapa. Miezi minane, na mimi ndiyo mara ya kwanza kuingia kwao.

Ijumaa, 12 Septemba

Mungu wangu. Simu yangu imelia tangu saa kumi na mbili asubuhi kama jiko la kuni mbichi.

Kuna sauti imerekodiwa, inazunguka kwenye grupu ya korti. Mwanamke anahema: jamani amkeni, kuna nyumba kwenye korti yenu wanaishi watu kumi na saba, makasha yanaingizwa usiku, hakuna ajuaye yana nini, leo ni makasha kesho ni nini. Hakutaja namba. Hakuwa na haja! Chini yake watu wakajaza: ni kumi na nne. Ni kumi na nne. Mimi niliona. Jirani yangu aliona.

Usiku? Ilikuwa saa nane mchana! Nikaandika hivyo. Nikaandika tena kwa herufi kubwa. Nikaandika sinia, mabirika, sahani za maua. Mtu akanijibu: mgombea lazima amtetee makamu wake. Mwingine akaweka kicheko. Halafu ujumbe wangu ukazama chini ya mingine hamsini, kama jiwe.

Mchana Mzee Makau ameandika kwa adabu, kama kawaida yake. Akichaguliwa: daftari getini, kila mgeni aandikwe. Kadi kwa kila mpangaji. Na wenye nyumba wasipangishe tena watu ambao "asili yao haijulikani". Amepata vidole gumba arobaini na saba. Nimevihesabu. Maji hakuyataja.

Jumapili, 14 Septemba

Siku ya hotuba! Phares ndiye fundi wa umeme wa korti, akafunga spika na maiki juu ya meza.

Mzee Makau alitangulia. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia. Akavua kofia. Akasema, "Mimi simchukii mtu. Mimi naogopa. Mwaka ule wa fujo za uchaguzi nilipoteza kibanda changu na sikio hili la kushoto, na walionipiga ni watu niliokuwa nikiwasalimu. Si aibu mzee kusema anaogopa." Jamani, mikono yangu yenyewe ilitaka kupiga makofi! Huyu ndiye mtu aliyembeba Jacky mgongoni pumu ilipombana, Phares akiwa safari. Namjua. Sasa nitasema nini baada ya hapo?

Nilishika maiki. Karatasi yangu nikaikunja. Nikasema Mzee amesema kweli, hata mimi naogopa, naogopa Februari! Vicheko. Nikasema nani kati yenu ana maji nyumbani leo, ainue mkono. Hakuna. Nikasema basi, adui wetu tunamjua, anaitwa mfereji mkavu! Kelele! Nabwire akapiga vigelegele. Nilijisikia mrefu kama tangi.

Kisha Qamar. Alisema maneno machache tu: bomba kuu linapita mita mia mbili kutoka hapa, barua ya kuomba kuunganishwa iko tayari, inataka sahihi ya mwenyekiti. Mtu wa nyuma akapaza sauti: Tuambie kwanza makasha yana nini! Qamar akajibu, "Yana sahani. Ukioa tena nitakukodishia." Korti nzima ikaangua kicheko, hata Mzee Makau!

Tunaweza kushinda. Naiandika hapa ili niione. Tunaweza kushinda!

Jumatatu, 15 Septemba

Bango limekatwa. Halikuraruliwa, limekatwa kwa wembe, sawasawa katikati. Upande wangu upo. MAJI KW — PEREZ. Upande wa Qamar haupo.

Mtu alisimama pale na rula.

Jumatano, 17 Septemba

Wabwire amenitembelea. Msimamizi wa uchaguzi, na suti, saa kumi jioni, ameketi kwenye kochi langu. Anaanza kwa kuuliza habari za Jacky shuleni. Halafu: Mama Jacky, watu wanakupenda. Nimezungumza na wazee. Nimezungumza hata na Makau, amechoka, hataki vita. Weka makamu mwingine, yeyote, na Makau atajiondoa. Utapita bila kupingwa. Barua yako ya maji utaitia sahihi Jumatatu.

Nikauliza, na Qamar?

Akasema, Qamar ni mwerevu, ataelewa. Hao wamezoea.

Nyumba ya kumi na nne ni yake, huyu Wabwire! Salad ni mpangaji wake. Nilitaka kumuuliza hilo. Sikumuuliza.

Kwa sababu — hapa siandikii mtu, acha niseme — niliona maji. Niliyaona kabisa, yakitoka mferejini, ndoo ikijaa. Nikamwona Mama wa mwavuli akiosha nguo. Nikajiambia, Qamar mwenyewe anataka maji haya. Bila yeye yatafika haraka, na yatafika hata kwake.

Nikamwambia Wabwire: nipe mpaka kesho kutwa.

Phares anasema chukua, Perez, hiyo ni nafasi ya bure. Ameisema haraka mno.

Alhamisi, 18 Septemba

Nimetoka kwa Qamar.

Nilikwenda nimejipanga. Ningeanza na bomba, nimalizie na ombi la Wabwire. Akanipa chai ya tangawizi na mahamri. Nikasifu mahamri. Nikauliza habari za Nuh, mwanawe, kule chuoni. Nikasifu mapazia! Dakika ishirini.

Mwishowe: "Mama Jacky, sema kilichokuleta. Chai imeshapoa."

Nikasema. Yote. Sikumtazama usoni, nilitazama kikombe. Nilitegemea atasema — na hili ndilo linaloniaibisha — nilitegemea atasema, usijali dadangu, najitoa mwenyewe. Nilikuwa nimeshatayarisha hata jinsi ya kumkatalia kidogo, kwa heshima, kabla ya kukubali.

Hakusema. Aliinuka akafunga dirisha, akaketi tena.

"Nyanya yangu amezikwa hapa hapa Nairobi," akasema. "Kila mwaka mimi natoa kitambulisho mara tatu ya wewe. Polisi, benki, hospitali. Natoa, nanyamaza. Mara ngapi nimejitoa mwenyewe ili wengine wasipate taabu ya kunitoa? Safari hii sijitoi. Ukitaka nitoke, nitoe wewe. Jumapili, kwa maiki, nikiwa nimesimama hapo kando yako."

Hakupaza sauti. Akaniongezea chai.

Nilirudi nyumbani nikaketi jikoni. Nikamkumbuka baba. Mwaka ule wa fujo, kule alikokuwa akifanya kazi, waliokuja kututoa hawakuwa wageni. Aliyesimama mlangoni ni jirani, mtu aliyekula kwetu Krismasi siku chache tu kabla. Alikuwa na orodha. Hakutukana, hakupiga. Alisoma majina tu, kwa sauti ya karani, na jina letu lilikuwa la tano. Baba akamuuliza, hata wewe? Akasema, Mzee, si mimi, ni watu.

Si mimi, ni watu. Leo nilitaka kusema hivyo hivyo! Mimi, kwa sauti hiyo hiyo ya karani!

Ijumaa, 19 Septemba

Nimemwambia Wabwire hapana. Nilimpata getini. Nilisema mbele ya mlinzi na mbele ya mama wa mboga, kusudi nisiweze kurudi nyuma. Qamar ni makamu wangu, nikianguka nianguke naye. Wabwire akasema umeamua kupoteza. Nikasema, nimeamua! Moyo ulikuwa unaruka kamba! Nikaenda moja kwa moja kwa Qamar nikagonga, akafungua, akanitazama usoni. Akaelewa. Akanipiga bega kwa nguvu, kama mwanamume, akasema haya, tuandike bango lingine, na safari hii mfereji nachora mimi.

Furaha yangu ilidumu saa mbili.

Jioni Nabwire kaja na simu ya mumewe. Amechoka, anasema, kusikia watu wakiuliza ile sauti ilitoka wapi. Akafungua grupu ya wanaume wa korti, akapandisha juu, juu, mpaka Alhamisi ile saa tatu za usiku. Ya kwanza kabisa. Jina lililoituma: Phares.

Phares wangu.

Chini yake ameandika: Hii si ni kama kwetu?

Alipoingia sikungoja avue viatu. Nabwire alikuwa ameniachia ile simu, nikamwekea mezani. Akaangalia, akakaa. Akasema ilitoka kwa mwenzake kazini, anayeishi mtaa wa Fedha. Ni ya huko, si ya hapa. Nikauliza, ulijua ni ya Fedha? Akaanza kufungua kamba za viatu. Ulijua?

"Nilituma tu, Perez. Niliuliza swali. Sikusema ni kweli."

Aliuliza swali! Kufikia asubuhi alama ya kuuliza ilikuwa imeshaanguka njiani.

Nikamuuliza kwa nini. Akasema: kila mtu kazini anatuma, ukikaa kimya wanakuuliza uko upande gani. Halafu akasema, sauti chini kabisa, kwamba siku ile ya makasha alinikuta nikicheka na wao ngazini, na hakujua mahali pa kuingia.

Nimemchukia na nimemwelewa kwa pamoja, na sijui nianze na lipi.

Jumamosi, 20 Septemba

Hatuongei. Ameanza kuandika kitu kwenye grupu, nikaona "Phares anaandika", "Phares anaandika", halafu hakuna.

Bango jipya liko juu. Mfereji wa Qamar nao ni tembo. Filsan na dada zake Salad wametushonea vitambaa vya buluu vya kufunga mkononi, mia moja! Nimewauliza, na watu wakiwa wachache? Filsan akasema tutafunga mara mbili mbili.

Kesho!

Jumapili, 21 Septemba

Naandika nikiwa kwenye ngazi za tangi. Hapa hapa. Kila mtu yuko mbele yangu, na sijui mikono niiweke wapi, bora niiwekee kalamu. Nianze mwanzo, nisije nikasahau.

Saa tisa watu wamejaa. Akina mama wa ibada ya pili bado na kofia zao. Phares alikuwa kwenye spika, anajaribu: moja, mbili, moja, mbili. Hatujasemezana tangu juzi. Halafu akasema, moja, mbili, mimi naitwa Phares Ooko, nyumba ya ishirini na saba. Nikageuka. Spika ikapiga mluzi, watu wakaziba masikio. Akasema ile sauti ya makasha niliyeileta hapa ni mimi. Ni ya mtaa mwingine. Nilijua, nikaituma. Makasha yana sahani. Mtu akacheka akasema mke amekukaba! Phares akasema, "Ndiyo, na alinikaba vizuri." Akaweka maiki mezani. Akabaki amesimama na waya mkononi.

Wengine walitikisa kichwa. Wengine walisema sasa ni kuchelewa. Mama wa nyumba ya ishirini na mbili alisema kwa sauti kwamba hata kama ni sahani, wale ni wale.

Wabwire akapiga filimbi. Mistari!

Kumbe mlolongo si mchezo. Mimi na Qamar tumesimama mbele, tumewatazama watu, na watu wanapaswa kutembea mchana wakituona. Mzee Makau upande wa pili, kofia mkononi. Mstari wake ukajaa mara moja — ishirini, thelathini! Wetu: Nabwire. Nabwire peke yake, mikono kiunoni, kama mlingoti. Watu niliokunywa chai yao walipita wakitazama viatu. Qamar akanong'ona bila kugeuza shingo: tabasamu, Mama Jacky, usiwape uso huo.

Halafu baba wa orutu. Halafu Mama wa mwavuli na mwavuli wenyewe! Halafu Salad na jamaa yake wote watano, Ayeeyo akiwa ameshikwa mikono miwili. Halafu vijana wa ghorofa ya chini, wanane, wanaimba maji, maji! Halafu sijui nini kilitokea, kama mtu aliyefungua kizibo. Mwanamke alitoka kwenye mstari wa Makau akavuka ule uwazi katikati — hatua kumi na tano, sisahau — na mumewe akabaki upande ule akimwita kwa jina. Hakugeuka. Wa pili akavuka. Wawili wakavuka kutoka kwetu kwenda kwake pia, ndiyo, na mmoja aliniomba radhi kwa macho. Phares alikuja wa mwisho. Akasimama nyuma kabisa. Sikumwangalia sana, ningelia.

Wabwire akahesabu akigusa kila mtu begani. Makau: sitini na wanane. Sisi: alipofika kwa Salad, akaruka. Akaruka watano wote, akagusa bega lililofuata! Mwisho akatangaza: Perez, sitini na sita.

Kelele! Qamar akasema hesabu tena. Nikasema umewaruka watano! Wabwire akafungua daftari, akasema hawamo kwenye orodha. Kanuni ni mkaazi wa miezi sita, na hawa hawajaandikishwa. Ndipo Nabwire akatoka mstarini. Ee, sauti ile! "Wabwire! Wanakaa nyumba yako! Wewe mwenyewe uliwapa ufunguo Januari, mimi nikiwa nimesimama hapo!" Watu wa mistari yote miwili wakapiga kelele za kicheko. Wabwire amegeuka rangi. Akajikuna. Akasema basi, hivi: wagombea wote wawili wakikubali, watahesabiwa. Mmoja akikataa, hawahesabiwi.

Mimi nimekubali kabla hajamaliza kusema.

Wote wakamgeukia Mzee Makau. Wakiingia, sisi sabini na mmoja, ameshindwa. Wakiachwa, ameshinda. Watu wake wakaanza: kataa, Mzee! Kataa tu, mambo kwisha! Mzee akaomba dakika kumi.

Ndizo hizi. Ameketi kwenye kiti chini ya ukuta, kofia juu ya goti. Zimepita saba. Hakuna aliyeondoka mstarini. Jua linatupiga usoni. Mtu wa mstari wa Makau — sijui jina lake, mrefu, fulana ya kijani — amechukua kiti cha plastiki, akavuka nacho, akampa Ayeeyo akae, akarudi mahali pake. Qamar amesimama vilevile, mikono nyuma. Nimemwambia aketi kidogo. Anasema, nikiketi watasema nimechoka.

Mzee Makau ameinuka.

Anatembea. Haji kwangu. Haendi kwa Wabwire. Amemnyang'anya Wabwire daftari akipita, kwa adabu, kama mtu anayechukua kitabu cha nyimbo, na sasa yuko kwenye mstari wetu. Amesimama mbele ya Salad. Salad amenyooka kama yuko mbele ya askari, ameshatoa karatasi mfukoni bila kuombwa. Mzee anaikataa kwa mkono. Anainama kwa Ayeeyo. Anamuuliza, Mama, jina lako nani, nikuandike uhesabiwe?

Filsan anamtafsiria. Halafu Ayeeyo anaanza kujibu, na jibu si jina tu. Ni refu! Ameshika mkono wa shati la Mzee, anaongea, anaonyesha upande wa mashariki, anaonyesha tangi. Mzee amegeuza kichwa amwekee sikio lake zima. Filsan anajaribu kumfikia, anatafsiri nusu nusu. Watu wa nyuma hawasikii. Wanauliza, anasemaje? Anasemaje? Mistari imepinda. Wa Makau wameanza kusogea, na wetu wamesogea, mwanamke yule aliyevuka yuko bega kwa bega na mumewe, wote wamenyoosha shingo. Wabwire anapuliza filimbi: rudini kwenye mistari! Kila mtu mahali pake! Hakuna anayerudi.

Mzee Makau ameinua mkono wenye kalamu, anataka watu wanyamaze. Wananyamaza. Filsan anasema kwa sauti, anasema hivi —